Chini ya Ihumwa Kuna Nini?

Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mpima miamba mstaafu, katika mkutano wa mwaka uliofanyika Ihumwa, Dodoma.



Katibu wa Chama aliponiandikia aliniomba nizungumzie mafanikio ya kazi yangu. Nilimjibu kwamba mpima miamba hana mafanikio ya kuonyesha watu. Kazi yake ikienda sawa hakuna kinachoonekana: jengo limesimama, handaki halivuji, na wananchi wanapita juu yake wakizungumza habari za mpira. Kazi hiyo ikipuuzwa ndipo unaposikia watu wanaulizana, "Hivi hapa hapakuwa na mtaalamu?" Basi nikaomba nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni ardhi iliyo chini ya miguu yetu hapa Ihumwa, na namna ya kuijua kabla mji haujaifunika.

Mliofika asubuhi kwa basi kutoka mjini mmejionea wenyewe. Sisi wa zamani tuliijua barabara hii ya Dar es Salaam ikipita katikati ya mashamba ya uwele na mtama, mibuyu, na ng'ombe wa Wagogo wakivuka bila haraka yoyote. Leo Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa Aprili 2019, uko hapo jirani. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilometa 112.3, imechorwa kupitia bandari kavu ya hapa hapa Ihumwa. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam inafika Dodoma tangu mwaka 2024. Katika sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya 2022 walikuwa 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipotolewa mwaka 1973, wako waliocheka wakisema huo ni mji wa kwenye karatasi. Wengine wao nawaona humu ukumbini, na wana viwanja.

Sasa, mji ukijaa juu huanza kwenda chini. Kwanza huenda chini kidogo kidogo, bila mtu kutambua: shimo la choo, karo, bomba la maji, waya wa simu. Kisha kiwanja kinapanda bei, na mwenye jengo anaona kuwa magari ya wapangaji hayana pa kukaa, anachimba ghorofa moja chini ya ardhi. Jirani yake anachimba mbili. Halafu inakuja mitaro mikubwa ya maji taka na ya mvua, njia za chini za waenda kwa miguu, maghala, na hatimaye reli ya chini. Kila kimoja kinataka nafasi yake, na nafasi ya chini ya ardhi, tofauti na kiwanja, haina jiwe la mpaka wala hati iliyotundikwa ukutani. Anayefika wa kwanza huchimba anavyotaka, na anayefuata hugundua kwa sururu.

Dodoma bado haijafika huko. Ndiyo maana nasema wakati ni huu. Mahali palipojaa majengo huwezi kuingiza mashine ya kuchoronga. Huwezi kutandaza nyaya za kupimia katikati ya maduka. Shamba la uwele unalipima kwa siku mbili, na gharama yake ni kumlipa mwenyewe mazao yaliyokanyagwa.

Nianze na jina la mji wenyewe. Wenyeji wetu Wagogo wanasimulia kuwa tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, akazama katika tope asiweze kutoka, na waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama. Wako wanaosimulia kwa namna nyingine, lakini kuzama kumo. Mimi huwaambia wahandisi vijana kuwa hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya udongo wa Dodoma: imetaja mahali, imetaja uzito uliowekwa, na imetaja matokeo. Ripoti nyingi nilizowahi kusoma zina kurasa mia mbili na hazina mambo hayo matatu.

Ajabu ni kwamba tembo alizama katika nchi ya mawe. Mwamba wa msingi wa Dodoma ni matale, ambayo wengi mnayaita graniti, pamoja na jamaa zake waliopikwa na kukunjwa katika joto kubwa. Ni miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, miongoni mwa mikongwe ya Afrika. Kilima cha Mlimwa na vile vilima vya mawe vinavyoonekana mjini ni vichwa tu vya mwamba huo vilivyobaki wazi baada ya udongo kuchukuliwa. Mtu akiviona anasema, "Hapa chini ni jiwe tupu, chimba bila wasiwasi." Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Matale hayaozi sawasawa. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, na kwa maelfu na malaki ya miaka huula mwamba kuanzia kwenye ufa kwenda ndani. Kwa hiyo mwamba mzima ukiwa meta mbili kutoka juu, hatua hamsini mbele unaweza kuwa meta ishirini au thelathini, na kati yake ni mchanga wa mawe yaliyooza unaovunjika mkononi kama sukari guru. Tena ndani ya ule uozo hubaki madonge makubwa ya jiwe zima, mengine makubwa kuliko bwalo letu, yakielea kama nyama katika mchuzi.

Katika mji mmoja ambao sitautaja, mkandarasi alichoronga shimo moja tu kwa jengo la ghorofa nyingi. Kwenye meta ya nne kekee ikagonga jiwe. Akasimamisha mashine, akaandika "mwamba", akapokea fedha zake. Lilikuwa donge. Sehemu moja ya ghorofa la chini ikakaa juu ya donge hilo, sehemu nyingine juu ya uozo, na kabla ya mwaka kwisha ukuta ulikuwa na ufa unaopitisha mkono. Kanuni ya kazi ni kwamba ukigonga mwamba usisimame. Endelea ndani yake meta tatu au zaidi, uone kama utatokea upande wa pili. Na shimo moja halitoshi, kama vile huwezi kulijua darasa kwa kumwuliza mwanafunzi mmoja.

Juu ya mwamba kuna udongo, nao hapa kwetu una ngazi zake. Juu ya miinuko ni kichanga chekundu kinachopitisha maji upesi. Ukishuka mteremko, mahali pengi unakutana na ganda la chokaa, jeupe na gumu, linalolia kama kengele ukilipiga sururu. Fundi hufurahi akadhani amepata msingi, kumbe chini ya ganda ni laini tena. Bondeni ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Huu wa mbuga ndio mkorofi. Mvua ikinyesha hunywa maji na kuvimba, kiangazi kikija hukauka na kupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaingia. Dodoma inapata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada yake kiangazi cha miezi mingi. Kwa hiyo kila mwaka udongo huo huvuta pumzi moja ndefu, ndani na nje, na nyumba iliyojengwa juu yake huvuta nao. Vijana, mkienda likizo tazameni kuta za nyumba za bondeni. Mkiona ufa wenye umbo la ngazi, unaopanda kwa kufuata maungio ya matofali, huyo si jini wala fundi mlevi. Ni mbuga inapumua.

Ninyi mnaosoma jiografia mtaniuliza: mtu anayajuaje haya bila kuchimba nchi nzima?

Huanza na makaratasi. Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925 na makao yake yakawekwa papa hapa Dodoma, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Edmund Teale. Kwa miaka mingi, nchi ilipokuwa ikiongozwa kutoka Dar es Salaam, idara hii ilibaki Dodoma na mawe yake. Leo inaitwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, nayo ilitimiza miaka mia moja mwaka 2025. Ramani zake zilitengenezwa na watu waliotembea kwa miguu wakiwa na nyundo, dira na wapagazi, na mara nyingi wapagazi ndio waliojua mawe yako wapi. Majina ya hao hayakuandikwa pembeni ya ramani.

Baada ya makaratasi ni miguu na macho. Korongo lililokatwa na maji ni kitabu kilichofunguliwa bure. Na waulizeni akina mama. Kiangazi maji yakiisha, wanawake wa Kigogo huchimba visima katika mchanga wa mito mikavu, nao hawachimbi popote. Wanajua mahali ambapo mwamba wa chini umeinuka na kuyazuia maji. Mimi nimefanya kazi na mashine za thamani kubwa ambazo zilithibitisha alichoniambia bibi mmoja kwa kunyoosha kidole.

Kisha vyombo. Unapiga nyundo kubwa juu ya bamba la chuma, na vipokeo ulivyovipanga ardhini vinasikia mtetemo ulichukua muda gani kufika. Katika udongo mkavu mtetemo huenda meta mia tatu hadi mia sita kwa sekunde. Katika matale mazima huenda meta elfu tano na zaidi. Kwa tofauti hiyo unajua mwamba umeanzia wapi. Au unapitisha umeme ardhini na kupima jinsi unavyozuiwa: mfinyanzi wenye maji huupitisha, jiwe kavu huukatalia. Vyombo hivi vinakupa sura ya jumla, kama mtu anayeonekana nyuma ya pazia. Kumjua ni nani, lazima ufungue pazia, yaani uchoronge.

Katika udongo tunatumia jaribio la zamani ambalo halijafa. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka urefu wa sentimeta 76 juu ya bomba, na mtu anahesabu mapigo. Sentimeta 15 za mwanzo hazihesabiwi. Za kuhesabu ni 30 zinazofuata. Mapigo manne, udongo ni laini. Mapigo hamsini, umegonga kitu cha maana. Ni kazi ya kuchosha, na mwenye kuhesabu akisinzia jengo zima litajengwa juu ya usingizi wake.

Katika mwamba tunatoa mawe marefu ya mviringo, kama mishumaa, tunayapanga katika masanduku kwa mfuatano wa kina. Nimewaletea sanduku moja, liko hapo mezani, lishikeni. Katika miaka ya 1960 Profesa Don Deere wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alitoa kipimo ambacho hata kidato cha kwanza anaweza kukifanya. Chukua meta moja ya jiwe lililotolewa. Jumlisha urefu wa vile vipande tu vyenye sentimeta kumi au zaidi. Vikifika sentimeta 64, ubora wa mwamba ni asilimia 64. Ukizidi 90 ni mwamba bora sana, ukishuka chini ya 25 ni mbovu mno. Jiwe linaweza kuwa gumu kuliko chuma cha fundi, lakini likiwa limekatika vipande vidogo vidogo handaki halitasimama. Handaki huanguka kwa ajili ya nyufa, na ugumu wa jiwe moja moja hauliokoi.

Pengine mnadhani haya ni mambo ya Ulaya. Hapana. Hapa Tanzania tuna kazi kubwa chini ya mwamba tangu zamani. Mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, iko ndani ya chumba kilichochongwa katika mwamba chini ya ardhi, na Kihansi vivyo hivyo. Wengi wenu mmesoma usiku kwa taa iliyowashwa na mashine ambazo hazijaona jua. Karibu zaidi na hapa kuna ile sehemu ya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Wajerumani waliipitisha reli ya kati katika bonde la Mkondoa kwa kuwa bonde ni rahisi. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910, na mto ukawa unaidai njia yake tangu hapo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa vibaya, treni zikasimama kwa miezi. Walipojenga reli mpya waliinyanyua kutoka mtoni na kuitoboza milimani kwa mahandaki manne, refu kuliko yote likiwa na zaidi ya kilometa moja. Mlipopita humo ndani mwanga ukakatika, na baadhi yenu mkashangilia, mlikuwa mnapita katikati ya hesabu za mapigo na vipande vya sentimeta kumi.

Lakini mlimani si mjini. Mlimani ukikosea unajiumiza mwenyewe. Mjini, juu ya shimo lako kuna watu wanaouza vitenge.

Wakubwa kati yetu wanalijua Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lenye sakafu chini ya ardhi ambayo watu wa Dar es Salaam wameizoea kwa jina la Shimoni. Kariakoo imekaa juu ya mchanga wa pwani, na mchanga haujishikilii wenyewe. Ukichimba pembeni yake hutiririka. Ghorofa la chini katika ardhi ya namna hiyo linawezekana, soko lenyewe ni ushahidi, ila kwa kupimwa na kuzungushiwa kuta kwanza. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa katika eneo hilo hilo liliporomoka mchana wa biashara, wakafa watu zaidi ya ishirini. Siku zile wafanyabiashara wa jirani waliviambia vyombo vya habari kuwa chini ya jengo kulikuwa kukichimbwa ili kupanua nafasi ya maduka. Serikali iliunda kamati kukagua majengo ya Kariakoo. Waliokwama chini ya kifusi walizungumza na waokoaji kwa simu zao kwa saa kadhaa. Siongezi neno hapo, maana humu kuna wenye ndugu waliokuwa wakifanya kazi mtaa huo.

Wenzetu walioendelea nao wamelipa. Marc Brunel alipoanza kutoboa njia chini ya mto Thames, London, mwaka 1825, aliambiwa kuwa atapita katika mfinyanzi mzuri usiopitisha maji. Mfinyanzi ulikuwa na mapengo, mto ukaingia mwaka 1827 na tena Januari 1828, ambapo wafanyakazi sita walikufa. Handaki lilifunguliwa mwaka 1843, miaka kumi na minane baada ya kuanza. Nanyi msifikiri ni mambo ya enzi za mishumaa: tarehe 3 Machi 2009, katika mji wa Cologne, Ujerumani, ukuta wa shimo la reli ya chini uliachia, na jengo la nyaraka za kale za mji likazama humo. Watu wawili walikufa, na maandishi ya zaidi ya miaka elfu moja yakaingia katika tope na maji.

Upande mwingine uko mji wa Helsinki, Finland. Nao umekaa juu ya matale na jamaa zake kama sisi, ingawa mwamba wao ni kijana ukilinganisha na wetu. Wamechonga humo mabwawa ya kuogelea, maegesho, mahandaki ya maji na nyaya, na hata kanisa, lililofunguliwa mwaka 1969. Siri yao haiko katika jiwe peke yake. Mji huo una mpango wa ardhi ya chini kama ulivyo na mpango wa ardhi ya juu, na mpango huo umesimama juu ya vipimo vilivyokusanywa mahali pamoja.

Hapo ndipo ninapotaka kukazia, Ndugu Mwenyekiti, na kama muda wangu umekwisha naomba dakika za mwenye mvi. Katika mji huu unaojengwa kwa kasi, kila jengo kubwa huchorongewa mashimo yake. Ripoti huandikwa, hupelekwa kwa mwenye jengo, mwenye jengo huiweka kabatini, na panya huisoma. Jirani akija kujenga mwakani anachoronga upya meta ishirini kutoka pale, kwa fedha zake, akianza na ujinga ule ule. Mwenye leseni ya madini hutakiwa kwa sheria kuwasilisha taarifa zake za jiolojia. Kwa nini mwenye ghorofa asipeleke nakala moja mahali hapo hapo? Uholanzi, nchi ya tope tupu, ilianza tarehe 1 Januari 2018 kutumia sheria inayozitaka ofisi za umma kuandikisha kila kipimo cha ardhi ya chini katika daftari moja la taifa. Sisi tuna taasisi yenye miaka mia moja ndani ya mji wetu wenyewe. Humu ukumbini naona madiwani wawili, mwanasheria mmoja na wakandarasi wasiopungua watano. Nawaomba mkutane kabla ya chakula, si baada.

Kuna jambo ambalo mashine haiwezi kulipima kwa siku moja, nalo ni maji.

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka katika visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, mahali ambapo mipasuko ya ardhi imekusanya maji ndani ya mwamba uliooza na kuvunjika. Tangu katikati ya miaka ya 1950 watu walikuwa wakipima kina cha maji katika visima vile na kuandika, mwaka baada ya mwaka, serikali zikabadilika, wapimaji wakastaafu, wakaja wengine. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotokana na vipimo hivyo vya miaka 55. Ulionyesha kuwa maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila masika kama tulivyodhani. Miaka mingi huwa yanashuka tu. Halafu inakuja misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na maji yanapanda kwa mkupuo.

Fikirini maana yake kwa mchimbaji wa ghorofa la chini. Anapima katika mwaka wa kawaida, shimo ni kavu mpaka chini, anafurahi, anajenga bila kinga ya maji. Inapita miaka minane. Inakuja mvua ya mkupuo. Maji yanapanda hadi mahali ambapo hayakuonekana kwa miaka, yanaingia kwa wapangaji, na mahali pengine yanainua sakafu kutoka chini kama chombo kinavyoelea. Na karo za jirani zinapanda nayo. Maana katika nchi ya matale udongo unaochuja ni mwembamba, na uchafu ukifika kwenye ufa wa mwamba hauchujwi tena. Husafiri kama maji katika bomba hadi kisimani kwa mtu. Kwa hiyo shimo la choo nalo ni ujenzi wa chini ya ardhi, na lapaswa kuchorwa katika ramani ile ile.

Matetemeko pia yapo. Tuko karibu na mkono wa Bonde la Ufa, na tetemeko la Novemba 2002 liliitikisa Dodoma hadi majengo yakapata nyufa. Lakini hilo linahitaji siku yake, na mtaalamu wake si mimi.

Nimalizie na kazi, kwa kuwa nimeona kidato cha tatu wameanza kutazama mlango wa jikoni. Shule hii ina kisima, na hakuna aliyewahi kupima maji yake yako kina gani. Nimemwuliza Mkuu wa Shule, nimemwuliza na mzee wa pampu. Kuanzia mwezi huu wanafunzi wa jiografia watakipima kila tarehe mosi, alfajiri, kabla pampu haijawashwa. Nimeleta utepe wa chuma wa meta hamsini. Hakikisheni umeoshwa kabla ya kushuka. Pakeni chaki meta ya mwisho, shusheni polepole mpaka mguse maji, shikeni namba iliyo sawa na ukingo wa kisima, kisha vuteni. Chaki iliyolowa itawaonyesha utepe umezama kiasi gani. Toeni hicho katika namba ya ukingoni, na kilichobaki ni kina cha maji. Andikeni tarehe, kina, na jina la aliyepima. Msifute kipimo hata kikiwa cha ajabu. Andikeni kipimo cha pili pembeni. Daftari ni la jalada gumu na lina kurasa za miaka arobaini. Liko kwa mwalimu wa jiografia pamoja na utepe, na mvua bado hazijaanza.